Taa ya Jikoni Chumbani Mwangu

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeongea mbele ya watu wazima na sikufa. Dada Magreth, anayesomea uzamivu pale chuo kikuu cha huko bondeni, amekuja na taa zake. Bibi hukisikia Kiswahili nusu na nusu nyingine hukiacha kipite, kwa hiyo nikawa mkalimani. Mama anafanya kazi mjini, Kimandolu, na huja mwisho wa mwezi. Hapa nyumbani ni mimi na Bibi tu, na umeme bado haujapanda hadi kwetu.

Taa yenyewe ni ndogo kama kisosi. Ndani yake kuna kidude kinachotoa mwanga wa buluu, mkali, wa kuumiza macho. Mbele ya kidude kuna kisahani cha plastiki kilichopakwa unga ambao Dada Magreth ameutengeneza kwa maganda ya kahawa, hayahaya tunayoyamwaga migombani. Kisahani kinaupokea ule mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa wa manjano, kama jua la saa moja asubuhi. Niliuliza (niliuliza mimi!) kwa nini maganda. Akasema unga wa taa za dukani unatokana na madini yanayochimbwa mbali na kwa shida, ilhali maganda yanaoza bure mlangoni kwetu. Akiweza kuufanya unga wake udumu, taa nzuri itakuwa kitu cha kila jiko.

"Maabara nimeishinda," alisema. "Sasa nataka moshi. Nataka mvuke wa ndizi. Nataka masika."

Masharti ni haya: taa itundikwe juu ya mafiga, isihamishwe, isifutwe, na watu wapike kama kawaida. Kipande cha sola kiko juu ya bati. Kila Jumamosi atapita na kipima mwanga aone taa imefifia kiasi gani. Nikamfasiria Bibi kwa Kimeru, sharti kwa sharti.

Bibi akasema, "Mwambie jiko langu lina moshi wa kutosha hata wa kumfungia abebe."

Nyumba chache tu zimepata. Yetu, ya Mama Elisaria ambaye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, ya kina Soila, na nyingine mbili huko juu karibu na msitu. Soila ndiye ninayekaa naye dawati moja, kidato cha tatu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Bibi anasema kwa mwanga wa taa hii, kwa mara ya kwanza, amemwona mdudu kwenye mchicha kabla hajamla.

Jumamosi, 15 Machi

Dada Magreth amepima. Mwanga umeshuka kidogo. Amesema ni kawaida, moshi ni moshi.

Jumatatu, 17 Machi

Kesho tuna jaribio la fizikia. Kibatari changu kilikuwa kinatoa moshi mweusi na maandishi yanacheza. Nikaenda jikoni na daftari, nikakaa karibu na Bibi chini ya taa, lakini machozi ya moshi yakawa yanadondoka kwenye kurasa.

Bibi alinitazama, kisha akainuka, akaitungua taa. "Chukua, uende nayo chumbani."

"Bibi, masharti."

"Huyo dada si msomi? Msomi atamnyima mwanafunzi taa?"

"Alisema isihamishwe."

"Taa imetoka chuo kikuu, mjukuu wangu. Ilikuja kutafuta nani, mimi au wewe? Jiko hili nalijua kuliko ninavyoujua uso wangu."

Nimeichukua. Ni kwa usiku wa leo tu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeichukua tena. Safari hii Bibi hakunipa. Nilipanda juu ya kigoda nikaitungua mwenyewe, naye akaendelea kuchambua maharage.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi niliirudisha juu ya mafiga kabla sijafagia uwanja. Dada Magreth alipima mara mbili, akakitikisa kipima mwanga, akapima tena.

"Haijashuka. Bibi, haijashuka hata chembe!"

Bibi akaniuliza anasemaje. Nikamwambia anasema taa ni nzima. Bibi akanitazama, akaenda kumchumia mgeni parachichi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua usiku na mchana. Taa imelala chumbani mwangu wiki nzima. Mwanga wake una jambo: unaisoma sura moja na hujui kwamba umesoma sura tatu.

Nilipoitazama jioni ya leo niliona tatizo. Ilikuwa safi mno. Kila kitu jikoni kwetu kina masizi, hata jogoo akipita huko anatoka na rangi nyingine. Nikaenda kwenye sufuria ya ndizi, nikapitisha kidole chini yake, nikapaka masizi mgongoni mwa taa na kwenye kingo. Kisahani chenyewe sikukigusa. Nilifanya taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta.

Niliponawa mikono ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kuchukua taa kusoma ni kitu kimoja. Hiki ni kingine.

Jumamosi, 29 Machi

Dada Magreth sasa ana nadharia. Anasema labda moshi wa kuni za mti wa kahawa tunazochoma unatengeneza utando mwembamba unaoulinda unga, ndiyo maana taa ilishuka wiki ya kwanza kisha ikatulia. Alinieleza kwa furaha, akachora kwa kijiti kwenye udongo wa jikoni: huu unga, huu utando, huu mwanga unapita. Aliniuliza naonaje. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza naonaje kuhusu sayansi.

Nikasema, "Inawezekana."

Jumapili, 6 Aprili

Taa ya kina Soila imebadilika. Kisahani kimechoka, mwanga unatoka wa buluu kama wa duka la simu. Kutoka barabarani unaonekana kwenye nyufa za mbao za jiko lao. Leo tulipotoka ibadani, Yona wa kwa fundi seremala alianza kucheza kiuno mbele ya Soila.

"Kwa kina Soila kuna disko! Kiingilio sahani ya loshoro!"

Vijana wakaangua kicheko kwa hayo makande ya maziwa mgando. Soila akamwambia, "Njoo basi, kwenu hata giza mnalikopa." Wakamcheka Yona badala yake. Lakini tulipofika kona ya daraja Soila akaniuliza, "Esther, ya kwenu inawaka vipi?"

"Vizuri," nikasema.

"Njano?"

"Njano."

"Sasa sisi tumekosea nini?"

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika haya yote kwa sababu sina wa kumwambia.

Dada Magreth alifika amelowa hadi magotini. Alitangulia kwa kina Soila, kisha akaja kwetu, na nyuma yake alikuwa Mama Soila mwenyewe, amejifunika kanga kichwani. Mama Soila ni Mwarusha wa Olmotonyi, ameolewa huku kwetu. Mumewe yuko Mererani kwenye machimbo, na habari zake huja mara chache kuliko mvua ya Septemba. Si mtu wa maneno mengi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba mwanangu" kwa sauti ileile anayoniitikia tangu nikiwa chekechea.

Dada Magreth hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Alikuwa na upole wa nesi.

"Mama, nimekuleta uone. Hii ni taa ileile, unga uleule, nimezitundika siku ileile. Na Bibi anapika kila siku kama wewe."

Mama Soila akaingia jikoni kwetu, akasimama chini ya taa. Nilikuwa nimeitundika alfajiri. Akaitazama kwa muda mrefu. Akatazama mafiga. Akatazama dari.

"Ya kwangu nilifanya kama ulivyosema," akasema.

"Hukuimwagia maji? Watoto hawakuifungua? Ng'ombe hajaingia?"

"Ng'ombe ana banda lake."

"Nauliza tu, mama."

"Uliniambia nipike kama kawaida. Nikapika kama kawaida."

Dada Magreth akashusha pumzi. Akasema ataiondoa ile taa, kwa sababu taa ambayo haikutunzwa inaharibu picha ya zote. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kikombe cha maziwa cha mgeni. Sentensi ilikuwa mdomoni. Ilikuwa fupi: *hii hukaa chumbani mwangu*. Mtoto wa chekechea angeweza kuisema.

Mama Soila alipopita mlangoni alinigusa bega ili nimpishe. Nikampisha.

Bibi hakunitaka nimfasirie. Kwa mara ya kwanza hakuuliza wamesemaje. Walipoondoka alisema, "Yule mama ameondoka na aibu isiyo yake," akachochea moto.

"Wewe ndiye uliyenipa taa," nikamwambia. Nilisema hivyo. Kwa bibi yangu.

Akajibu, "Nilikupa taa. Masizi sikukupa."

Kumbe aliona.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Baada ya ibada Mama Elisaria aliwakusanya akina mama chini ya varanda ya kanisa kwa sababu ya mvua. Chuo kimesema taa zikifaulu, kitawafundisha akina mama wa hapa kupaka visahani, iwe kazi yao ya kudumu, na Mama Elisaria ndiye anayepanga majina.

"Tutachagua wenye mikono safi," akasema. "Chuo kimetuamini, na kuna nyumba imetuaibisha. Simtaji mtu."

Wote wakageuza macho kwa Mama Soila kwa namna ya watu wasiogeuza macho. Mmoja akanong'ona, na nia yake ilikuwa asikike, "Kwao wamezoea kulala na ndama." Mama Soila akafunga kanga yake, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua bila haraka.

Mama yangu alikuwa kando yangu, amekuja kwa sikukuu. Akaniambia kwa fahari, "Nimesikia taa yenu ndiyo ya mfano."

Jumatano, 23 Aprili

Soila amekuja shule vidole vimechubuka. Anasema mama yake ameamua kuosha jiko, kuta na dari, masizi ya tangu nyumba ijengwe. Wanasugua kwa majivu na magunzi.

Nilipomwambia Bibi alishika kichwa. "Nani anaosha masizi ya dari? Masizi ndiyo yanayozuia dumuzi kwenye boriti. Anataka nyumba imwangukie?"

Akaitazama dari yetu, kisha taa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Sijasoma kitu. Nimewasha kibatari na kukizima.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeirudisha taa jikoni na nimeapa haitoki. Nimeipachika katikati kabisa ya moshi, nimeongeza na kuni mbichi, Bibi akakohoa akaniuliza kama nafukuza nyuki. Mpango wangu ni huu: taa ififie. Ikififia kama ya Mama Soila, Dada Magreth ataona mwenyewe kwamba unga hauvumilii, na Mama Soila atasafishika, na hakuna mtu atakayehitaji kusema kitu.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho. Nataka taa iseme badala yangu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, hivyo sikumtegemea. Dada Magreth amekuja na gari la chuo. Kuna maonyesho, na msimamizi wake, Dokta Sumari, anataka taa iliyokaa jikoni wakati wa masika aiweke mezani mbele ya wageni. Ameitungua. Imekaa kwenye moshi siku chache tu. Imefifia kidogo sana.

"Esther, unajua umenisaidia kiasi gani?" akasema. Akanipa kitabu cha kemia, kipya, kurasa bado zimeshikana. Ndani ameandika: *Kwa mtafiti mwenzangu.*

Nilimshukuru kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Jumatatu, 5 Mei

Soila amehamia dawati la mbele. Anasema haoni ubao. Macho yake ni mazima kuliko yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua inapungua.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda. Nilimwambia Bibi nakwenda kumwona Dada Magreth, akanifungia ndizi mbivu kwenye kitambaa. Nusu ya njia nikakumbuka kwamba ndizi ni zawadi, na mtu anayekwenda kusema nilichokuwa nakwenda kusema hapeleki zawadi. Nikampa mzee aliyekuwa anachimba mtaro.

Maabara yao ni chumba cheupe chenye chupa nyingi. Dada Magreth alifurahi kuniona, akazima taa ya chumba akawasha ya zambarau ili anionyeshe. Kila chupa ikang'aa: ya maganda ya kahawa manjano, ya maganda ya ndizi kijani, nyingine rangi ya chungwa. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Alikuwa bado anaeleza nilipoanza, na gizani ilikuwa rahisi zaidi.

"Dada, ile taa haikukaa jikoni."

Dada Magreth akawasha taa ya kawaida, na zile rangi zote zikazimika.

"Rudia."

Nikarudia. Nikamwambia na masizi.

Hakunigombeza. Aliniuliza maswali kama ya daktari. Tangu lini? Kila siku? Uliifuta? Ulipaka upande gani? Nani anajua? Nikajibu yote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kirefu, mikono katikati ya magoti, na nikaona kwamba hana umri mkubwa sana kuliko mimi.

"Utando," akasema hatimaye. "Nimesimama mbele ya walimu wangu wote nikawaeleza utando."

"Naomba unisamehe."

"Masika haina marudio, Esther. Siwezi kuiambia mvua ianze upya. Umeninyang'anya masika nzima." Kisha akaziba uso. "Na yule mama. Nilimleta mwenyewe hadi jikoni kwenu. Nilimwuliza kama ng'ombe ameingia."

Nikasema nitakwenda kwa Mama Soila.

"Utakwenda. Na mimi nitakwenda. Lakini tusiende pamoja, usije ukajificha nyuma yangu." Alinifungulia mlango. Hakuniita mtafiti mwenzake, wala hakunidai kitabu. Nimekiacha kwenye meza yake.

Jumatatu, 12 Mei

Dada Magreth na Dokta Sumari wamepita nyumba zote bila taarifa, saa ya kupika. Kwa Mama Elisaria taa ilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, imewekewa kitambaa cha kufuma. Alisema taa ya chuo haiwezi kukaa na masufuria, wageni watamwonaje? Huko juu karibu na msitu moja ilikuwa kwa kijana wa kidato cha nne, na nyingine hufutwa kila Ijumaa jioni kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mgeni anakuja Jumamosi na huwezi kumpa mgeni kitu kichafu.

Sisi ndivyo tulivyo. Cha mgeni hukaa pazuri, na kabla hajarudi hufutwa.

Kwa hiyo katika masika yote taa moja tu ilikaa jikoni, na ndiyo ile aliyoiondoa.

Nilidhani ningepata nafuu kusikia kwamba sikuwa peke yangu. Sikupata. Wale wengine hawakujua wanaharibu nini. Masharti niliyafasiri mimi. Nilijua kila neno kwa lugha mbili.

Jumanne, 13 Mei

Mama Elisaria amenikuta kisimani. "Wewe ndiye uliyetuuza? Mtoto kimya kimya kama maji ya mtungi, kumbe!" Nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Shikamoo yako kaa nayo." Majina yote ya kazi ya kupaka visahani yamesimamishwa hadi mwakani.

Jumatano, 14 Mei

Bibi aliamka mapema akaenda mpakani mwa shamba, akarudi na jani la isale, amelifunga fundo vizuri. Huku kwetu, ukimkosea mtu ukampelekea isale, hawezi kukataa kukusamehe. Hata kama umemwaga damu. Ndivyo ilivyo tangu zamani, na Mama Soila anajua, ameolewa huku.

"Shika," Bibi akasema. "Ukiwa na hili atakuitikia."

Nililishika. Nikafika nalo hadi getini. Kisha nikarudi nikamrudishia.

"Hawezi kulikataa, Bibi."

"Ndiyo maana nakupa."

"Ndiyo maana siwezi kulipeleka. Nilishamnyima kusema mara moja."

Bibi alisema kitu cha Kimeru ambacho sitakifasiri, si kibaya, kisha akalichomeka jani kwenye ukuta wa jiko.

Mama Soila alikuwa anakamua. Nilisimama mbali kidogo na banda, nikasema yote kwa sauti, maana nilijua nikinong'ona nitapunguza. Soila alikuwa mlangoni mwa jiko na alisikia. Maziwa yaliendelea kulia kwenye kibuyu, hayakusimama hata niliposema habari ya masizi.

Alipomaliza alifunika kibuyu, akaniuliza, "Ulikuwa unasoma nini?"

Sikutegemea swali hilo. "Fizikia. Na kemia. Na vitabu vya hadithi."

"Soila naye alikuwa anasoma," akasema. "Alisomea jikoni. Akaniomba atoke nayo kidogo tu, macho yanawasha. Nikamwambia taa haitoki, nimeahidi. Akalia, akasoma hivyohivyo." Akanyanyuka. "Nilimchapa siku moja kwa kuigusa."

Nilimtazama Soila. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Mama Soila akaingia ndani na maziwa. Nikasema, "Naomba unisamehe, mama." Mlango ulikuwa wazi lakini hakuna aliyejibu. Nikasubiri kwa heshima, kisha nikaondoka.

Jumapili, 18 Mei

Nimeomba kwa mzee wa kanisa nisimame baada ya matangazo. Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo, watu wa nyuma wakasema "Hatusikii!" nikalazimika kurudia kwamba Mama Soila alitunza taa na mimi sikutunza, na kwamba nilipaka masizi. Mama yangu alikuwa amekuja, ingawa si mwisho wa mwezi. Alipokuwa anarudi Kimandolu alinikumbatia kwa mkono mmoja.

Mama Soila hakuwepo ibadani.

Jumatano, 28 Mei

Dada Magreth ameanza tena, na ametundika taa mpya majikoni, kwetu pia. Mvua imebaki kidogo tu, lakini anasema moshi haungoji masika. Ameboresha kisahani, amekifunika kwa utando mwembamba wa plastiki. Huu wa sasa ni utando wa kweli. Alikwenda kwa Mama Soila akakaa huko mchana kutwa. Walichoongea hakuniambia. Alichoniambia ni kwamba kipima mwanga sasa kinakaa kwa Mama Soila, na yeye ndiye atakayepita majikoni kupima, siku atakayoitaka, bila taarifa, na kazi hiyo chuo kimempa kwa jina lake.

"Na kwetu atakuja?" nikauliza.

"Amesema ataanza na kwenu."

Ijumaa, 30 Mei

Alikuja. Nilimwamkia, hakuitika. Alipima, akaondoka.

Jumanne, 3 Juni

Baridi na ukungu. Alikuja. Nilimwamkia. Alipima, akaondoka. Bibi anasema niache kumwamkia, nitamchosha. Sitaacha.

Alhamisi, 5 Juni

Siku hizi mimi ndiye ninayepika jioni na Bibi anakaa mlangoni kwenye hewa. Nasomea hapohapo kwenye moshi. Sasa najua Soila alisoma nini Machi nzima: alisoma nusu ya kila mstari. Nimemwachia maandishi yangu yote ya fizikia kwenye dawati lake la mbele. Hakuyarudisha.

Jumamosi, 7 Juni

Shule imefungwa. Nilikuwa jikoni na kitabu magotini, taa juu ya kichwa. Kingo za kisahani zimeanza kupata buluu, kidogo, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Inafifia, lakini inafifia polepole kuliko ya kwanza, na kwa haki.

Mama Soila aliingia bila hodi. Nikasimama.

"Shikamoo mama."

Hakuitika. Akanyoosha kipima mwanga chini ya taa, akasubiri namba itulie kama anavyosubiri kila mara, akapima tena upande wa pili. Akakiweka ndani ya kanga. Akafika mlangoni, akasimama. Alikuwa amenipa mgongo.

"Esther," akasema. "Ndizi zako zinaungua."

Nikaitegua sufuria. Zilikuwa zimeungua kweli, chini kote.